Mama Tone na Unga wa Forosadi

Mama Mkubwa hakuwahi kumpiga mtu, lakini kwa miaka miwili alimwombea mtu mmoja mabaya kila asubuhi, akifunga vifungo vya koti lake jeupe. Nilikuwa namsikia. Kifungo cha kwanza: "Aharibikiwe." Cha pili: "Akose pa kujificha." Vifungo vilikuwa vitano, nami niliitikia amina kwa vyote, hata kile cha nne kilichokatika zamani na kubaki uzi mtupu.

Mtu tuliyemwombea hivyo tulimwita Bwana Kopo. Yeye alijiita daktari. Alikuwa na duka lenye mlango wa kioo, viti laini na picha kubwa ya mwanamke anayecheka, na ndani yake aliuza kitu kimoja tu: unga wa forosadi ndani ya makopo. Forosadi mnazijua, yale matunda madogo meusi ambayo mtoto akiyaiba huna haja ya kumuuliza, mdomo na vidole vinamshitaki. Mama yangu mzazi alikunywa makopo kumi na moja ya unga ule, na akiwa katikati ya la kumi na mbili tukamzika. Hilo la kumi na mbili ninalo mpaka leo. Silitupi ng'o.

Mama Mkubwa ni dada yake mama, kampita miaka minne. Kazini walimwita Mama Tone. Aliingia kwenye ile maabara ya kupima vyakula akiwa mfagiaji, akapandishwa kuosha chupa, kisha akawa anashikishwa pipeti, kile kibomba cha kudondoshea matone, siku ambazo wapimaji wameugua, na mwishowe wakampeleka kusoma kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Akisema tone moja, ni tone moja. Nyumbani alipima chumvi kwa kijiko cha chai alichokisawazisha kwa mgongo wa kisu. Mumewe alimwacha mapema, akidai hawezi kuishi na mwanamke anayempimia mpaka chumvi. Mama Mkubwa akamjibu kwamba yeye naye hawezi kuishi na mwanamume asiyejua kiasi, na kila mtu akashika njia yake. Hakupata mtoto. Alinipata mimi, na ndiye aliyenitafutia kazi palepale, mapokezi: napokea sampuli, naandika jina la mwenye mali kwenye daftari langu, na juu ya chupa nabandika namba tu. Mpimaji haruhusiwi kujua namba ni ya nani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya maabara, na mimi ndiye niliyekuja kuivunja. Nitafika huko.

Sasa, mwanamke huyu aliyepima kila kitu, kuna siku moja alisahau kupima maneno yake. Ilikuwa mchana wa Jumapili, mama akiwa bado mzima wa afya, tunakula sote watatu. Wiki ile wataalamu wa chuo walikuwa wamekuja maabara. Walikamua forosadi, wakatoa ile rangi yake ya zambarau iliyokoza, inaitwa anthosianini, wakaidondoshea kwenye vibakuli vya kioo vyenye seli za saratani, wakatazama kitakachotokea. Mama Mkubwa ndiye aliyewapimia matone. Alirudi nyumbani kichwa hakipiti mlangoni.

"Nimeziona kwa macho yangu," alituambia, mdomo umejaa chakula. "Seli za saratani zinakufa kama kunguni kwenye maji ya moto!"

"Kwa forosadi tu?" mama akauliza.

"Kwa forosadi tu, mdogo wangu."

Birika likaanza kupiga kelele jikoni, akainuka kwenda kuliepua. Aliporudi tulikuwa tumeshahamia habari za jirani. Hakusema kwamba zile seli zilifia ndani ya kioo, si ndani ya mwili wa mtu. Hakusema kwamba rangi waliyomimina ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuipata kwa kula, hata ale forosadi kutwa kucha mpaka tumbo ligome. Nusu ya maneno ilibaki jikoni na birika. Nusu nyingine ilikaa sikioni mwa mama ikisubiri siku yake.

Siku yenyewe ilifika baada ya miaka mitatu. Mama alipata uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya njegere. Daktari wa hospitali alimwambia, "Umewahi, mama," na akampangia dozi sita za dawa. Mama akapata mbili. Alitapika mpaka nyongo, nywele zikawa zinabaki juu ya mto kwa mafungu, maji yakawa machungu mdomoni. Mfa maji haachi kutapatapa, na katika kutapatapa kwake akaufikia mlango wa kioo wa Bwana Kopo. Mimi ndiye niliyemshika mkono siku hiyo.

Bwana Kopo alimkalisha kwenye kiti laini, akamsikiliza vizuri kuliko hospitali walivyowahi kumsikiliza. Kisha akasema, "Mama yangu, dawa zao na unga wangu havikai chungu kimoja. Chagua."

Mama akanigeukia, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Hata dada alisema! Na yeye ni mtu wa maabara. Seli za saratani zinakufa kama kunguni kwenye maji ya moto."

Bwana Kopo alicheka sana. Akamwomba arudie, akachukua kalamu. Nilidhani anaandika jina la mgonjwa.

Njiani mama aliniapisha nisimwambie Mama Mkubwa kwamba ameacha hospitali, maana angemgombeza kama mtoto. Nikaapa. Kwa hiyo hapo na mimi nina langu, silikatai. Miezi mitano baadaye, titi lilipopasuka na harufu ikashindikana kufichika, tulimrudisha kwa yule daktari. Aliangalia picha, akavua miwani, akaifuta muda mrefu ingawa haikuwa na uchafu. Mama Mkubwa alijulia palepale, mbele ya kitanda, kwamba mdogo wake alikunywa matunda ya kusaga badala ya dozi nne zilizobaki. Alimuuliza swali moja tu: "Nani kakwambia?" Mama alifumba macho, akasema, "Yule wa makopo." Hakumtaja dada yake. Alikwenda na siri hiyo kaburini, akaniachia mimi nusu.

Baada ya mazishi ndipo dua za vifungo zilipoanza.

Wanasema subira huvuta heri. Sisi heri hatukuitaka, tulitaka kumwona mtu akiaibika. Na siku za mwizi ni arobaini: asubuhi moja mlango wa mapokezi ulifunguliwa, manukato yakatangulia, Bwana Kopo akafuata nyuma yake. Hakunitambua. Mimi niliyekaa dukani kwake mara kumi na mbili nikibeba mfuko!

"Dada, nataka cheti," alisema. "Maduka makubwa hayapokei mali bila cheti cha maabara. Nitakichapisha ubavuni mwa kopo, kila mtu asome mwenyewe."

Nilimwandika daftarini kwa mwandiko mzuri sana. Akanipa pakiti ya unga wa kupimwa, halafu akaweka kopo jipya mezani, eti zawadi yangu. Alipoondoka nikaligeuza. Juu, kwa herufi nyekundu, paliandikwa: *Seli za saratani hufa kama kunguni kwenye maji ya moto! Watu wa maabara wamethibitisha.* Nikalifungia kopo kwenye droo, chini ya risiti, nikachukua pakiti na kwenda nayo mpaka kwenye meza ya Mama Mkubwa.

"Namba mia mbili na kumi na nne ni ya Bwana Kopo," nikamwambia.

Akaweka pipeti chini taratibu. "Hukupaswa kuniambia."

"Najua."

"Basi simama hapo mlangoni, na usiguse kitu."

Niliwaza kile alichowaza. Sisi tuliamini, kama tunavyoamini jua litachomoza, kwamba mle ndani mna unga wa mahindi na rangi ya kiwandani. Na kuumbua rangi ya kiwandani ni kazi ya chupa mbili tu. Rangi ya kweli ya forosadi ukiitia kwenye maji yenye asidi kali inawaka nyekundu. Ukiitia kwenye maji yenye asidi hafifu inafifia mpaka karibu ipotee. Ile ya kiwandani haijui kufifia, inakukodolea macho kotekote. Mashine inapima tofauti ya chupa hizo mbili, na tofauti ndiyo inayosema rangi ya kweli ni kiasi gani.

Mama Mkubwa akakoroga unga, akachuja, akadondosha. Chupa ya kwanza ikawaka kama kitambaa cha harusi. Akadondosha kwenye ya pili.

"Baki," nilinong'ona. "Baki nyekundu, mwanaharamu wewe."

Haikubaki. Ilififia mbele ya macho yetu, ikawa maji ya waridi, ikawa karibu maji. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameuma meno. Unga wa Bwana Kopo ulikuwa forosadi tupu, uliokaushwa kwa adabu zote, wenye anthosianini nyingi kuliko sampuli yoyote tuliyopokea mwaka ule. Tapeli yule alikuwa na mali safi. Nilitamani kulia kwa hasira, na nililia.

Tulikutana mchana kwenye chumba cha kuoshea chupa, hakuna mtu mwingine. Nikamwambia, "Andika imebaki nyekundu. Nani atajua?"

"Atajua atakayepima baada yangu. Atapeleka kwingine, wataona kweli, na hapo mimi ndiye nitakuwa tapeli na yeye ndiye mkweli. Unataka nimzawadie hilo?"

"Kwa hiyo mama kafa bure."

"Uongo wake haumo ndani ya kopo, mwanangu. Umo kinywani mwake."

Ulimi hauna mfupa. Nilikwenda kwenye droo yangu, nikarudi na lile kopo jipya, nikalibamiza juu ya sinki mbele yake. "Kinywani mwake? Soma. Hiki ni kinywa cha nani?"

Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma. Akasoma tena, akifuata maneno kwa kidole chenye madoa.

"Aliyapata wapi maneno haya?"

"Kwa mama. Mimi nikiwepo. Alimwambia kwamba dada yake wa maabara ndiye aliyesema. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Mkubwa. Tumemwombea mabaya Bwana Kopo peke yake miaka yote hii, kumbe dua ilikuwa ya kugawana."

Nilitaka imuume. Ilimuuma. Nilifurahi kwa muda wa dakika moja hivi, halafu nikamwona akikaa juu ya kreti la chupa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa. Sikumwomba radhi. Jioni ile tulirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

Asubuhi yake alifunga vifungo bila kusema neno, na cha nne alikuwa amekishona. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa maabara, akaungama kwamba anamjua mwenye namba mia mbili na kumi na nne na ana kisa naye. Mimi nikapata barua ya onyo, ninayo pamoja na kopo langu. Sampuli ikapewa mpimaji wa meza ya pili, tuliyemwita Ngoja Kwanza kwa kuwa hata ukimwambia nyumba inaungua atakujibu hivyo. Naye akapima kwa kungoja kwake kote, akapata namba zilezile.

Mama Mkubwa aliomba jambo moja tu. Chini ya kila cheti chetu kuna kisanduku kilichoandikwa "Maelezo ya mtaalamu". Kina mistari mitatu. Miaka nenda rudi kilikuwa kinaachwa kitupu, wengine walidhani ni pambo. Aliomba akijaze yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki wa ile kazi ya vibakuli. Mkuu akaleta jalada la zamani, akalinganisha neno kwa neno, akasaini. Aliandika hivi:

*Unga huu una rangi ya asili ya forosadi, na nyingi. Rangi hiyo ilizuia seli za saratani ndani ya kioo, kwa kiasi ambacho mtu hakifikii kwa kula. Haijaonyeshwa kumponya mgonjwa yeyote. Mgonjwa asiache matibabu.*

Na chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo zilizokuwepo tangu maabara ifunguliwe: *Cheti hiki kinakiliwe chote, au kisinakiliwe kabisa.*

Bwana Kopo alikuja kukichukua siku ya Alhamisi. Mama Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, mama," Bwana Kopo akasema.

Hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Mama Mkubwa akiacha shikamoo ya mtu bila marahaba. Niliisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

Aliona namba kwanza, akatabasamu. Kisha macho yakashuka kisandukuni, na tabasamu likabaki kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Hii ya chini naomba muitoe. Mimi nilileta unga, sikuleta maswali."

"Kinakiliwe chote, au kisinakiliwe," akajibu Mama Mkubwa.

"Mama, unaniharibia biashara. Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa na mdogo wangu. Alikunywa makopo yako kumi na moja na nusu."

Bwana Kopo alijitahidi kukumbuka, nampa haki yake, alikunja uso kabisa. "Wateja ni wengi, mama," akasema mwishowe. "Pole."

Alipotoka nilitaka kumfuata na mtungi wa maji ya asidi. Mama Mkubwa akanishika mkono. "Atakata," akasema. "Mtu aliyewakata watu dozi zao hashindwi kukata karatasi. Mwache."

Na alikata. Wiki ya tano makopo mapya yakatoka, cheti chetu kiko ubavuni, namba zimekolezwa wino, mistari mitatu imenyolewa. Nililinunua la kwanza mwenyewe, nikakimbia nalo mpaka kwa Mkuu kama nimebeba mtoto mchanga. Kwa maneno yake mwenyewe, ya mdomoni na ya kwenye kopo, wakaguzi wa serikali walikuwa wamemwacha miaka yote, maneno ni upepo. Kwa cheti cha maabara kilichokatwa, walifika siku ya tatu. Makopo yakapakiwa kwenye lori, duka likafungwa kwa kufuli lao, na ikaamriwa cheti kizima kibandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, mistari mitatu ikiwa imekolezwa, kila mteja akione. Bwana Kopo hakuonekana tena. Waliosema amehama ni wengi kuliko waliosema anajuta.

Jumamosi nikamwambia Mama Mkubwa twende tukaangalie. Mimi nilikwenda kutema mate kwenye kile kioo, sitadanganya. Nilikuwa nimeyakusanya tangu nyumbani.

Karatasi ilikuwa pale, kubwa kama mlango wenyewe. Mbele yake alisimama mwanamke wa umri wa mama yangu, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi kama wanavyofunga wasio na nywele, na mkononi ana mfuko wenye umbo la kopo. Alikuwa anasoma akichezesha midomo. Akatugeukia.

"Samahani dada, hivi hapa wanasema nini? Si walisema maabara imethibitisha? Kwamba zinakufa kama kunguni?"

Niliyameza mate yangu. Nilimtazama Mama Mkubwa, na nakiri, nilimtazama kwa ubaya. Nilitaka nione atasema nini.

"Maneno hayo ni yangu," akasema. "Niliyasema mimi, na niliyasema nusu. Umebakiza dozi ngapi hospitali?"

"Tatu. Lakini nilishaacha, mwezi sasa. Hata nikirudi sijui kama watanipokea."

"Watakupokea. Twende tukae pale." Kulikuwa na kibanda cha chai jirani na duka, chenye benchi. Akamkalisha, akaketi akimwelekea uso kwa uso, akaanza tangu mwanzo: vibakuli, kioo, matone aliyoyapima mwenyewe. Akamwambia forosadi ni tunda zuri, ale akipenda, awape na wajukuu; wataalamu bado wanachunguza kama wanaokula matunda ya namna hiyo wanapunguza hatari ya kuugua, na huenda ikawa hivyo. "Lakini hiyo ni habari ya aliye mzima, mdogo wangu. Komeo linamzuia mwizi aliye nje. Aliyekwisha ingia ndani analala nawe na komeo lako limefungwa." Mwanamke akauliza, akajibiwa. Akauliza tena lilelile, akajibiwa tena, polepole, bila kuchoka, kiasi kwa kiasi.

Mimi nilisimama nimeshika nguzo ya kibanda. Sijamsamehe Bwana Kopo, na sina mpango. Mama Mkubwa naye sijui kama nimemsamehe. Kuna siku nadhani ndiyo, kuna siku nafungua kabati naliona lile kopo. Nafsi yangu ndiyo ninayoigombeza zaidi. Lakini nilisimama nikasikiliza, maana nilikuwa nangoja miaka mingi kuisikia ile nusu ya pili.

Ndani ya kibanda birika likaanza kupiga kelele. Mwenye kibanda akatoa kichwa. "Mama, chai yenu tayari. Njooni mchukue ingali moto."

Mama Mkubwa hakugeuka.

"Ipoe," akasema. "Sijamaliza."